Samaki Tisa wa Muzee Bauma

Muzee Bauma alifia Katoyi, magharibi mwa Goma, katika chumba cha mbao ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Mimi nilipata habari hiyo kwenye boti iliyotoka Bukavu, kwa mama mmoja wa mtaani aliyenitambua kwa sauti, akanitajia kifo hicho kama mtu anavyotaja kwamba huko tuendako kumenyesha. Nilikuwa ninarudi mjini bila sababu, kama ninavyorudi siku zote. Nimekaa Kalemie, nimekaa Lubumbashi, Bujumbura mara mbili, Kampala miaka minne, na kila mji nimeuacha kabla sijajua majina ya watoto wa jirani. Watu husema nina miguu isiyotulia. Sijawahi kuwasahihisha, ingawa ninajua siku miguu hii ilipoanza kukosa utulivu. Ilikuwa kiangazi, kabla ya adhuhuri, mwaka niliokaa kwa Muzee Bauma kwenye milima ya Masisi nikimsomea kitabu cha samaki.

Nilikwenda kwenye matanga moja kwa moja kutoka bandarini, begi likiwa bado begani. Walikuwa wametandaza shitingi, turubai la plastiki, kati ya nyumba mbili, na chini yake viti vya plastiki vimepangwa juu ya mawe ya lava ambayo hayakubali kiti kisimame sawasawa, kwa hiyo kila aliyekaa alikuwa anayumba kidogo akizungumza. Furaha, binti wa marehemu, alitoka jikoni akijifuta mikono. Nilimwacha akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Sasa alikuwa mama mnene kidogo, mwenye mvi mbili tatu kwenye ukingo wa kitambaa. Alinitazama kwa muda. "Katembo," akasema, "tulizania ulishakufa." Akanipa chai, akakaa karibu nami, akanieleza kwamba wiki za mwisho baba yake alikuwa anaomba beseni la maji. Si ya kunywa. Alikuwa anatumbukiza mkono, anauacha humo, kisha anautoa na kulalamika kwamba maji ya Goma imechoka, imelala, haina baridi hata kidogo. Wajukuu walidhani akili imemtoka. Furaha alijua anachotafuta. Na mimi nilijua, ndiyo maana nikaiacha chai ipoe mkononi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimefanya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na matokeo ya kituo chetu hayakutoka. Nchi ilikuwa imekatika vipande, karatasi zetu zilikuwa zimepelekwa mahali ambapo hakuna aliyepajua, na sisi tulibaki mjini juu ya lava mpya iliyokuwa inafuka moshi kila mvua ikinyesha, si wanafunzi tena wala si kitu kingine. Siku moja akaingia kwenye uwanja wa shule mzee mwenye koti la sufu na buti za plastiki, amebeba kitabu ndani ya mfuko wa sukari. Akauliza kama kuna mutu anayejua kusoma Kifaransa na haogopi baridi. Wenzangu walicheka. Mimi nikasema sijawahi kuiona hiyo baridi. "Basi kuja uione," akajibu, na kesho yake nilikuwa juu ya gunia la chumvi ndani ya kamyo, lori la mizigo, tunapita Sake, tunapanda, masikio yakiziba.

Kitabu kilikuwa kimeachwa na wazungu wa shamba moja la zamani. Panya walikuwa wamekula jalada na kurasa za mwanzo, lakini zilizobaki zilieleza namna ya kumfuga truiti. Huyu ni samaki wa maji ya milimani. Hafanani na sambaza wala tilapia wa ziwa letu. Anataka maji baridi yanayokimbia juu ya mawe, maji yanayoingiza hewa. Yakisimama anakufa, yakipata joto anakufa. Mgongo wake ni wa kijani wenye madoa meusi, na ubavuni ana utepe wa waridi, kana kwamba mtu amempitishia kidole chenye rangi. Wazungu ndio waliomleta wakammwaga katika mito ya juu. Walipoondoka, watu walimvua, kisha vita vikaja na watu waliovua kwa gruneti, na mwishoni wakabaki wachache waliokimbilia vidimbwi vya juu kabisa, chini ya mianzi. Muzee Bauma alikuwa mkulima wa viazi. Kwa miaka mitatu alikuwa anapanda mlima mpaka kule peke yake, analala kifudifudi ukingoni, anapitisha mkono chini ya mawe mpaka vidole visisikie kitu. Alipata tisa, majike watano na madume wanne, akawashusha mmoja mmoja ndani ya ndoo, akikimbia. "Nimezunguka mito yote," aliniambia siku ya kwanza tukiwa tumesimama ukingoni mwa bwawa alilowachimbia. "Hawa wakikufa, haiko tena. Nataka wazae, nirudishe watoto ndani ya mutoni, kisha na mimi nikufe." Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayepanga kazi za wiki.

Nilipewa chumba cha kuhifadhia mbegu. Nililala kati ya magunia ya viazi vilivyoanza kuota, na harufu yake, ya udongo na utamu kidogo, bado hunifuata ninapoingia ghala lolote. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Tulikula jikoni, watatu, kuzunguka moto: viazi vilivyochemshwa na maganda yake, maharagi, kabichi, na maziwa. Maziwa yalitoka kwa jirani wa juu, mfugaji aliyeitwa Serugendo. Kila jioni mke wake, Mama Vestina, alitushushia kibuyu, na kila asubuhi Furaha alikirudisha akiwa ametia ndani yake kitu: maharagi, viazi vidogo, hata kama ni ngumi moja tu ya mahindi. Kwenye kilima kile chombo cha maziwa hakikurudishwa kitupu. Kukirudisha kitupu kulikuwa na maana moja, kwamba ujirani umevunjika, na hakuna aliyehitaji kuieleza. Serugendo na Muzee Bauma hawakuwa wa kabila moja, na miaka ile hilo lilikuwa limeshawachoma wengi kwenye vilima vya jirani. Wao wawili walikuwa na kibuyu hicho.

Baada ya chakula nilikuwa ninasoma. Ninasoma sentensi kwa Kifaransa, ninaitia katika Kiswahili, Muzee anafunga macho. Alikuwa anamkatiza mwandishi kama mtu anayebishana na aliye mbele yake. Siku moja nilifika mahali panaposema kwamba mayai lazima yaangaliwe kila siku, yaliyokufa yaondolewe moja moja, kwa zaidi ya mwezi. Muzee akafungua jicho moja. "Huyu muzungu iko na bibi?" Nikasema haijaandikwa. "Hana. Mutu mwenye bibi hawezi kukaa mwezi nzima anaangalia mayai." Furaha akamwambia kwamba yeye alikuwa na mke na bado alikaa miaka mitatu akikumbatia mawe mtoni. "Ndiyo maana mama yako alikuwa anapika bila chumvi," akasema, na tukacheka wote. Nimekula katika vyumba vingi tangu hapo. Sikumbuki kingine ambacho sauti zake bado ninaweza kuzisikia nikizitaka.

Kulikuwa na ukurasa mmoja alionisomesha mara mbili. Ulisema kwamba dawa za kuua wadudu, hata tone lililochanganyika na maji mengi, humuua truiti kabla hujamaliza kushangaa. Mfereji wetu ulitoka kijito cha juu na kupita kando ya zizi la Serugendo kabla haujatufikia, na Serugendo alikuwa anawapulizia ng'ombe wake dawa ya kupe kila baada ya wiki mbili. Muzee alivaa koti, akapanda kwake mvua ikinyesha, akarudi ameloa na wamekubaliana. Siku ya dawa, Mama Vestina angetandika shuka nyeupe, ile tuliyoiita nguo tu, juu ya ua wao, mahali tunapoweza kuiona. Sisi tukiiona tungeteremsha ubao na kufunga mfereji, maji yapite kando, mpaka shuka itolewe na maji ya kwanza yaishe kupita. Muda huo wote mtu mmoja alipaswa kusimama bwawani na ndoo, kuchota na kumwaga kutoka usawa wa bega, kuchota na kumwaga, ili maji yapate hewa. Mikono iliuma. Tulifanya hivyo miezi mingi, mvua na jua, na hakuna samaki hata mmoja aliyegeuka ubavu.

Kiangazi kilipoingia majike walivimba. Kitabu kilisema wakamuliwe mayai kwa mkono, na hapo Muzee akapata hofu, kwa sababu mikono yake ilikuwa ya jembe. Ndipo akamuita Serugendo. Nakumbuka yule mfugaji alivyoshuka asubuhi hiyo, mrefu, kofia kichwani, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko kama anavyofanya kabla ya kukamua ng'ombe. Alikuwa hali samaki. Kwao samaki hakuwa chakula cha mtu mwenye ng'ombe, na alikuwa amemcheka Muzee mwaka mzima kwa kufuga kitu kisicho na pembe. Lakini alimpokea jike wa kwanza ndani ya kitambaa kilicholowa, akampapasa tumbo kwa kidole gumba, taratibu, kuelekea mkiani, akimnong'oneza yale maneno anayowaambia ng'ombe wake, na mayai yakatoka kama shanga za rangi ya machungwa, yakigonga beseni. Kisha akakamua dume, maji meupe yakaanguka juu ya mayai, Furaha akakoroga kwa unyoya wa kuku. Walipomaliza majike wote, Serugendo alinusa vidole vyake, akakunja uso. "Bauma," akasema, "ng'ombe wangu wakisikia hii harufu watanifukuza." Dume mmoja mzee alikufa siku hiyo kwa uchovu. Tulimchoma. Nyama yake ilikuwa ya waridi, tamu, na Serugendo alikaa nasi mpaka mwisho akinywa maziwa na kutazama pembeni.

Mayai tuliyaweka kwenye trei za waya ndani ya kibanda cha giza, maji ya mfereji yakipita juu yake mchana na usiku. Kazi yangu ilikuwa kutoa yaliyogeuka meupe, kwa kibanio cha mwanzi, bila kutikisa mengine. Baada ya wiki tatu hivi, ndani ya kila yai yakaonekana madoa mawili meusi. Macho. Nilimuita Muzee. Aliinama na tochi, akaona maelfu ya macho yanamtazama, akatoka nje akakaa kwenye jiwe. Furaha alipomuuliza ana nini akasema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa siku ya soko. Muzee na Furaha walishuka alfajiri kwenda kutafuta waya wa kuziba mabwawa madogo, kwa sababu watoto wa samaki wangetoka wiki hiyo. Niliachwa peke yangu na agizo lile lile la siku zote: tazama juu. Nilitazama. Jua lilipopanda nikaiona shuka, nyeupe, imetandikwa vizuri juu ya ua wa Serugendo, na Mama Vestina akiwa pembeni yake anapunga mkono. Nikampungia. Nilikuwa nimeanza kushuka kuelekea ubao wa mfereji niliposikia honi barabarani chini. Ilikuwa kamyo ya shofa aliyenileta mwaka uliopita. Alikuwa amesimama juu ya kibao cha mlango, akiniita kwa jina, akipiga kelele kwamba rezilta, matokeo ya mtihani, zimetoka, redio inasoma majina.

Nimejitetea mbele yangu mwenyewe kwa maneno mengi miaka hii. Nimesema kwamba Mama Vestina alikuwa anatandika shuka mapema kabla ya dawa, na hilo ni kweli. Nimesema kwamba nilidhani nitarudi upesi. Lakini ubao ulikuwa hatua thelathini kutoka niliposimama, na ningeufunga kwanza, isipokuwa kwamba nikiufunga ningelazimika kubaki na ndoo. Hilo nilijua vizuri. Nikakimbia chini. Nilikaa ndani ya kamyo, sikio kwenye redio, wasomaji wakipokezana, shule baada ya shule, majina ya watu wa mbali, na kila nilipotaka kutoka nilijiambia shule inayofuata ni yetu. Ilipofika, jina langu lilisomwa na alama zake: cinquante-deux pour cent, asilimia hamsini na mbili. Shofa alinipiga mgongoni, akanipa ndizi mbili. Nilipanda kilima nikiziimba zile alama.

Shuka ilikuwa imeshatolewa. Niliona hilo kwanza. Kisha nikaona bwawa, na matumbo manane meupe yameelea yakizunguka polepole pale maji yalipoingilia. Niliingia kwa nguo zangu, nikamshika jike mkubwa, nikamsukuma mbele na nyuma ili maji yapite kwenye mashavu yake kama kitabu kinavyosema. Kibandani mayai yote yalikuwa yamegeuka meupe au yanaelekea huko. Nilifunga ubao, kwa upumbavu wa mtu anayefunga mlango baada ya nyumba kuisha kuungua. Nikachota na kumwaga, kuchota na kumwaga, mpaka waliporudi.

Muzee hakupiga kelele. Aliweka waya chini. Alitazama bwawa, akatazama juu kwenye ua wa Serugendo ambako hakukuwa na kitu, akanitazama mimi niliyeloa na ndoo mkononi. Ninaamini alitaka jibu lolote ambalo lingemwacha na mtu mmoja wa kumwamini.

"Nguo ilikuwa juu?"

"Hapana, muzee. Sikuona nguo."

Ndivyo nilivyosema. Maneno hayo hayakunichukua hata pumzi nzima. Na kwa kuwa nilikuwa nimeloa, Furaha alinivua shati akanifunika blanketi, akaniambia nisijilaumu.

Serugendo alishuka jioni hiyo. Alikuwa ameshasikia. Alisema mke wake alitandika shuka, yeye mwenyewe alimwambia aitandike. Muzee akamuuliza, wewe uliiona kwa macho yako? Serugendo akakiri kwamba alikuwa zizini na pampu mgongoni, hakuiona kwa macho yake. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Nikatazama moto. Asubuhi Furaha alijaza maharagi ndani ya kibuyu kama kawaida. Baba yake akakichukua mkononi mwake, akayamwaga maharagi kwenye ungo, akakisuuza, akakipeleka mwenyewe juu. Kitupu. Kuanzia siku hiyo tulikunywa chai kavu, bila maziwa. Wiki mbili baadaye nilishuka Goma kuchukua cheti changu, na sikurudi. Cheti kiko ndani ya bahasha hata leo. Nimekibeba miji yote hiyo, na hakuna mahali pamoja nilipokitoa.

Nilisikia baadaye, vipande vipande, kwamba Serugendo alihamisha ng'ombe wake kabla ya mwaka kuisha, kwamba vita vilipanda mpaka kwenye kilima kile, kwamba Muzee alikimbilia Katoyi na binti yake. Mabwawa yalijaa nyasi. Nilijiambia vita vingewatenganisha hata hivyo, na samaki wangeliwa na askari hata hivyo. Huenda. Ni fikra inayofaa mtu anayesafiri.

Siku ya tatu ya matanga, saa za mchana, watu wa upande wa barabara walisogeza viti, na akapita katikati yao mzee mrefu mwenye fimbo, kofia kichwani, ameshika bidoni ya plastiki. Nilimtambua kwa jinsi alivyonawa mikono kabla ya kuwasalimu wafiwa. Serugendo alikuwa ametoka Kibati, ambako sasa anaishi na ng'ombe watatu waliobaki. Alimpa Furaha bidoni. Ilikuwa maziwa. Furaha aliipokea kwa mikono miwili na hakujua aiweke wapi, na kina mama waliokuwa wanajua habari ile wakaacha kuzungumza. "Bauma alikataa kunywa," Serugendo akasema. "Sasa hawezi kukataa." Hakulisema kwa ubaya. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu nami, kikayumba, akakishika.

Alinitazama bila kunijua. Ningeweza kumwacha hivyo. Begi langu lilikuwa chini ya kiti, boti ya kurudi Bukavu ilikuwa kesho, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimejizoeza kusimama na kuondoka. Nilianza kwa kumwambia jina langu, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisoma kitabu. Kisha nikamwambia, Furaha akiwa amesimama pale na bidoni, kwamba siku ile nguo ilikuwa juu, kwamba niliiona, kwamba nilimpungia mkono aliyeitandika, nikashuka barabarani kusikiliza redio.

Watoto walikuwa wanasukuma chikudu, kigari cha mbao, barabarani, magurudumu yake ya mbao yakigonga mawe. Serugendo aliiweka fimbo juu ya magoti.

"Uliiona?"

"Niliiona, papa."

"Mama Vestina aliniapia," akasema. "Aliapa kwa jina la watoto. Mimi nilisema amesahau. Nilisema mbele ya ndugu zangu. Watoto wakaanza kumuita Mama Kusahau, nikaacha wamuite. Akiweka sahani, ninamuuliza, umesahau kijiko? Miaka kumi na tisa." Alikuwa haniangalii mimi wala Furaha. "Alikufa na lile jina."

Nilikuwa nimebeba hatia ya samaki wanane, ya mayai yale, ya Muzee, ya kibuyu kitupu, ya Serugendo. Nilidhani ninazijua zote kwa majina. Yule mama aliyenipungia mkono sikuwahi kumweka kwenye hesabu. Serugendo alikaa mpaka jua lilipoanza kushuka, akaaga wafiwa mmoja mmoja, akanipita mimi, akapanda nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Furaha hakunisemesha jioni hiyo. Nililala kwenye kiti. Asubuhi alinijia na bidoni ile ile, imesuuzwa, imekaushwa, na ndani yake ameijaza maharagi mpaka shingoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini ninadhani ilikuwa kwa ajili ya baba yake. Aliniwekea miguuni. "Peleka kwake," akasema. "Na ukifika, haungoje akuulize. Uliza kaburi iko wapi."

Kibati si mbali. Kutoka mjini unapanda barabara ya kaskazini, Nyiragongo ikiwa mbele yako na moshi wake, na kabla hujamaliza kupanga maneno umefika. Niliulizia kwa mfugaji mzee, nikaonyeshwa nyumba ya mbao yenye ua wa matete. Serugendo alikuwa amekaa mlangoni. Aliipokea bidoni, akaupima uzito wake kwa mkono mmoja, akafungua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko maharagi yanavyohitaji. Nikamuuliza kaburi liko wapi. Akaelekeza kidole nyuma ya nyumba.

Lilikuwa rundo la mawe ya lava lililozungushiwa maua ya njano, na msalaba wa mbao usio na maandishi. Nilisimama hapo nikijisikia mjinga, mtu mzima mwenye begi. Sikuwa na sala. Nilisema, "Mama Vestina, ni Katembo. Nguo niliiona." Nikasema tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu mara ya kwanza ilitoka kama ninayemficha mtu siri. Kisha nikasimama tu. Nilikumbuka mkono wake ulivyokuwa juu siku ile, mkono wa mtu aliyefanya kazi yake na anaona imeonekana.

Niliporudi mbele, Serugendo alikuwa ameshamwaga maharagi kwenye ungo na bidoni ilikuwa tupu kando yake.

"Umemuambia?"

"Nimemuambia, papa."

Alinyanyuka akiegemea fimbo. Alinipa bidoni niishike, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, kwa maji ya ndoo iliyokuwa mlangoni, akavua kofia yake, ambayo sikuwahi kumwona hajaivaa.

"Ngoja hapa," akasema. "Na mimi niko na yangu ya kumuambia."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Nilibaki uani na chombo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule sikutazama barabara.